Nyungu ya Mama Ilipohamia Kibera

Enzi zetu betri za redio zilianikwa juani kama mahindi. Waliozaliwa juzi watadhani natania, lakini nyinyi wa rika langu mnajua. Betri zikianza kuchoka na mwimbaji akianza kuburuta maneno kama mlevi, unazitoa, unaziuma kidogo kwa magego, kisha unazipanga juu ya bati zipigwe na jua la mchana. Jioni zinarudi na nguvu za nyimbo mbili tatu. Kanda nayo hatukuirudisha nyuma kwa redio, maana huko kungekuwa kula betri bure. Tuliingiza kalamu kwenye tundu lake tukaizungusha hewani mpaka kifundo cha mkono kikauma. Ukitaka kusikia wimbo mmoja mara mbili, ulikuwa umeutolea jasho.

Tuliishi mtaa wa Kongo, Kawangware, hapa Nairobi, kwenye ploti ya vyumba vya mabati vilivyotazamana, katikati kamba za nguo na mtaro ambao sisi watoto tuliuruka siku nzima. Tulicheza blada, kuruka kamba ya mpira, mpaka goti likatoka damu. Tulicheza kalongolongo, tukipika matope ndani ya vikopo na kuwalazimisha wadogo zetu wayasifu. Mama alikuwa akiuza kunde, mrenda na saga pale stendi ya Kawangware 56, na mikono yake ilinukia majani mabichi hata siku ya Krismasi. Baba alikuwa mwashi wa mawe. Siku sita aligonga mawe, na ya saba akagonga ngoma, kwa sababu alikuwa mpiga ngoma wa lile kanisa letu la kanzu nyeupe na msalaba mwekundu kifuani, ambalo waumini wake wanazunguka mtaa mzima wakiimba, bendera mbele, vumbi nyuma.

Ngoma ya Baba ilisikika mpaka mtaa wa Satellite. Watoto walilia, mbwa walibweka, wagonjwa waligeuka kitandani. Lakini ukimwambia habari ya kelele alikuwa na jibu lake moja: "Ngoma ya Mungu haina kelele." Kila sauti nyingine chini ya jua ilikuwa kelele, na iliyoongoza kwa kelele, kwa maoni yake, ilikuwa rege ya kaka yangu Barasa.

Barasa ndiye kifungua mimba wetu. Alikuwa amemaliza shule na kuanza kazi kwa mafundi wa kuchomelea mageti pale 56, na huko aliokota redio ya kaseti iliyokwisha kufa akaifufua. Nikisema aliifufua nakusudia hivyo hasa, maana ilikuwa haina mfuniko wala kishikio, na spika yake moja ilining'inia nje kwa waya. Lakini ilikuwa inaimba, na ilikuwa inaimba rege.

Ploti yetu ilikuwa na sheria zake. Jumamosi ilikuwa mali ya Mama Akinyi, jirani wa mlango wa pili, mtu wa Sabato kutoka pande za ziwani. Siku hiyo hukusikia hata kijiko kikigonga sufuria. Ukiwasha redio, alitokea mlangoni na Biblia kwapani: "Barasa! Leo ni siku ya Bwana, hiyo kitu izime!" Jumapili ilikuwa mali ya Baba na ngoma yake. Siku za kazi Barasa hakuwa nyumbani. Kwa hiyo rege ilibakiwa na upenyo mmoja tu katika wiki nzima, Jumapili alasiri, baada ya kanisa la Baba kumaliza kuzunguka na kabla ya maombi ya jioni. Upenyo huo tuliungoja kama watu wanaongoja mfereji ufunguliwe. Redio nayo ilikuwa na kipindi chake cha rege saa hizo, na mimi, Nekesa, nilikuwa na kazi rasmi: kukaa na kidole juu ya kitufe cha kurekodi, nibonyeze mara tu mtangazaji anapofunga mdomo. Watangazaji wa enzi zile hawakufunga mdomo upesi. Kanda zetu nyingi zinaanza na mtu akisalimia shangazi yake wa Kericho.

Barasa hakusikiliza rege tu, aliifundisha. Alitukusanya watoto wa ploti tukakaa kwenye madebe yaliyopinduliwa, akatueleza kwamba muziki huu unatoka Jamaika, kisiwa kidogo kule ng'ambo, na kwamba walioutunga ni vitukuu vya Waafrika waliouzwa utumwani, ndiyo maana wanaimba kuhusu kurudi nyumbani na kuhusu Uhabeshi na mfalme wake. Akasema hapo mwanzo ulikuwa muziki wa mbio, wa kuchezea, mpaka ukaja msimu wa joto kali, wachezaji wakachoka, wapigaji wakawahurumia wakapunguza mwendo. Sijui kama ni kweli. Lakini sisi tuliamini, maana hata Kawangware mwezi wa pili kuna joto ambalo linaweza kupunguza mwendo wa chochote.

"Sikiliza hiyo gita," alituambia. "Haipigi pale unafikiria itapiga. Inangoja, halafu chaka! Inangoja, chaka! Sasa sikiliza besi. Besi ndiyo inatembea. Hao wengine wanaifuata tu." Sisi tukatikisa vichwa kwa heshima kubwa. Maneno ya nyimbo hatukuyaelewa, Kiingereza chao kilikuwa cha kwao, lakini yale machache tuliyoyadaka yalituhusu moja kwa moja. Mtu anaimba kwamba polisi wamemsimamisha njiani bila kosa. Mwingine anaimba kwamba watoto wamelala njaa na mwenye nyumba anagonga mlango. Jamani, hiyo si Jamaika, hiyo ni ploti yetu! Nadhani ndiyo sababu rege haikuhitaji kualikwa Kawangware wala Kibera. Ilifika ikakuta watu wake.

Shida ilikuwa besi. Ile spika ya kuning'inia ilitoa sauti nyembamba, na rege bila besi ni chai bila majani. Barasa alijaribu kuilaza spika kifudifudi kwenye mdomo wa debe, debe likatetemeka kama lina homa. Akajaribu ndoo ya plastiki, mwimbaji akapata mafua. Mafundi wote wa redio walijua dawa: spika ilazwe kwenye mdomo wa nyungu. Udongo uliochomwa vizuri unaichukua besi, unaizungusha tumboni mwake, unaitoa imenona. Na nyungu pale ploti ilikuwa moja tu, ya Mama.

Nyungu ile Mama alipewa na mama yake siku alipoondoka Bungoma kuja Nairobi, akaipakata njia nzima. Ilikaa pembeni nyumbani mwetu juu ya kata ya nguo kuukuu, na maji yake yalikuwa baridi na yenye harufu ya mvua ya kwanza. Baba hakunywa maji mengine. Barasa aliiomba nyungu hiyo kwa kila namna. Aliosha vyombo, alibeba mizigo ya mboga, alimwita "mamangu mpenzi". Mama alikuwa na jibu fupi: "Nyungu ya mama yangu ni ya maji. Hao marasta wako watafute ya mama zao."

Basi tungeendelea hivyo, na pengine nisingekuwa na la kuwasimulia, kama si zile nywele.

Barasa alikuwa ameanza kuzisokota kimyakimya. Alivaa kofia ya sufu jua na mvua, akala kabla ya maombi, akatoka nje kabla ya kichwa kutakiwa kuvuliwa kofia. Aliponyoka hivyo muda mrefu mpaka Jumapili moja mchungaji alipokuja kutembelea nyumba yetu. Chai ilikuwa mezani, maandazi yamefunikwa kwa kitambaa. Mchungaji akasema anataka kumwombea huyu kijana kazi yake istawi, akanyoosha mkono, na kwa mkono wake mwenyewe akamvua Barasa kofia. Zikamwagika mpaka kwenye kola! Mchungaji, namheshimu mpaka leo, hakuacha kuomba. Aliomba macho yakiwa wazi, na sala ikawa ndefu kuliko ilivyopangwa.

Baba alimsindikiza mgeni mpaka nje, akarudi. Kisha akasema, "Mwana mkaidi hafaidi hadi siku ya Idi," jambo ambalo Mkristo wa kanzu nyeupe hakupaswa kulisema, lakini lilikuwa neno lake la hasira. Akaendelea: "Kata hizo nywele leo. Ama utafute pahali rasta hulala, kwa sababu si hapa."

"Baba, hii ni nywele tu," Barasa akasema.

"Kama ni nywele tu, kata."

Barasa akamtazama Mama, Mama akatazama sakafu. Akachukua redio yake na shati la kazi, akaenda Kibera, mtaa wa Kisumu Ndogo, kukaa na rafiki yake aliyeitwa Ochi, fundi mwenzake wa kuchomelea, ambaye alimpatia kazi huko huko. Nililia mpaka nikapata kwikwi. Nilidhani Kibera ni nchi nyingine, na kwamba ukifukuzwa na baba hurudi tena.

Jumapili zilizofuata sitazisahau. Kanisa lilizunguka, ngoma ikalia, kisha alasiri ikaja na hakuna kilichotokea. Tulikaa kwenye madebe yetu tukatazamana. Hata Mama Akinyi alitoka mlangoni, akasimama na kikombe cha chai, akauliza, "Kwani huyu kijana alienda wapi? Jumapili imekuwa refu hivi." Baba alijifanya anarekebisha ngozi ya ngoma yake. Aliirekebisha wiki nyingi ngozi ile, na haikuwa na kasoro yoyote.

Mama alianza kunituma Kibera, nikaenda na binti mmoja mkubwa wa jirani. Tulipita Satellite, tukavuka Ngong Road, tukateremka mpaka reli na mapaa ya mabati yaliyoshikana. Nilibeba ugali uliofungwa kwa gazeti na mrenda kwenye kopo. Barasa alikuwa amekonda, lakini alicheka vilevile. Aliniuliza habari za Mama, za wadogo zetu, za blada. Za Baba hakuniuliza, ila kila nilipoondoka alisema, "Sasa, mzae anapiga ngoma bado?" nami nikasema bado, naye akaitikia kwa kichwa.

Siku moja Mama aliinua nyungu, akamwaga maji yote juu ya sukuma wiki zake nyuma ya nyumba, akaifunga kwa leso yake nzuri ya kwendea harusini. "Mpelekee," akamwambia yule binti. "Mwambie anaweza kuweka ndani hiyo makelele yake. Mwambie nimesema ale." Nilimtazama Mama kama niliyemwona akigawa mguu wake. Sikumwelewa siku ile. Sasa nina watoto na ninamwelewa sana. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na Mama alikuwa ameshatuma kila chakula alichokuwa nacho.

Baba alivumilia maji ya mtungi wa plastiki siku chache. Alikunja uso, akatema, akasema yana ladha ya mafuta ya taa. Mwishowe akauliza, "Mama Barasa, nyungu iko wapi?"

"Imeenda Kibera kutembelea mtoto wako."

Baba akaweka kikombe chini.

"Na itarudi lini?"

"Sijui. Ukiitaka, unajua njia."

"Sijui njia."

"Nekesa anajua," Mama akasema, akaendelea kuchambua kunde.

Jumapili hiyo, kanisa lilipomaliza kuzunguka, Baba hakuja kubadilisha nguo. Alinishika mkono vilevile alivyokuwa, kanzu nyeupe, kilemba kichwani, msalaba kifuani, ngoma begani, tukashika njia. Nadhani alijua kwamba akiketi tu, hatatoka tena. Tulitembea mpaka tukavuka reli. Pale vijana wenye kofia za nyekundu, manjano na kijani walikuwa wamekaa ukutani. Walipomwona mzee mwenye kanzu na ngoma, wakasimama wote, mikono kifuani. "Blessed, mzee! Heshima!" Baba akashangaa. Sidhani kama kuna mtu aliyewahi kumsimamia hivyo kule Kawangware. "Mbarikiwe," akajibu, kwa sauti ndogo.

Tuliisikia nyungu kabla ya kuiona. Besi ilikuwa inatoka kwenye uchochoro, nzito, ya duara, mpaka niliisikia kwenye nyayo. Barasa alikuwa ameketi nje ya mlango wa Ochi, nywele wazi, nyungu katikati ya miguu, spika imelala mdomoni mwake. Alipotuona aliruka kuzima.

"Wacha," Baba akasema.

Akasogea, akachuchumaa na kanzu yake yote, akaweka kiganja ubavuni mwa nyungu kama daktari. Akasikiliza. Wimbo mzima ukapita. Nilikuwa nimeshika pindo la kanzu yake na moyo wangu ulikuwa unadunda kuliko besi, maana niliona kwamba yote yanategemea neno atakalosema.

Akasema, "Huyu mtu wa ngoma, mbona anaacha kupiga pale mwanzo?"

Barasa akatazama kama aliyesalimiwa kwa lugha ngeni. "Anaacha makusudi, Baba."

"Amesahau."

"Hajasahau. Hapo ndipo mtu anapumulia."

"Ngoma haipumui," Baba akasema. Akashusha ngoma yake begani, akaanza kumsaidia yule mpigaji wa Jamaika kwa kumjazia pale alipopaacha. Du! Du! Ochi aliinama kwa kicheko, akashika mbavu. "Apana, mzae, hapo unangoja! Unangoja!" Baba akajaribu kungoja. Hakuweza. Mkono uliozoea kuihimiza bendera ya kanisa ulienda wenyewe kila mara, du, naye akajikemea na kuanza tena, jasho likimtoka chini ya kilemba. Majirani wakajaa uchochoroni. Kisha kukatokea mara moja, mara moja tu, alingoja, pakapita kimya kidogo, halafu mkono wake ukaangukia pale pale ulipoangukia mkono wa yule wa redioni. Baba akacheka! Meno yote nje. Barasa naye akacheka, kisha akageuka ukutani akajifuta uso kwa mkono wa shati.

Baba akasimama, akapangusa vumbi kwenye kanzu. "Beba nyungu ya mama yako," akasema. "Mimi nikiibeba nitaivunja."

"Niibebe mpaka wapi?"

"Nyungu inakaa wapi?"

Barasa akaiondoa spika kwenye mdomo wa nyungu. Kisha akauliza polepole, "Na nywele, Baba?"

"Nimesema nyungu. Nywele sijaziongelea."

Na hakuziongelea tena. Tulirudi kwa miguu, Barasa na nyungu begani na nywele zake peupe, Baba mbele yake akiwa na ngoma, nami nyuma nimebeba redio. Tulipofika 56, watu waliacha kununua nyanya wakatukodolea macho. Baba angeweza kupita njia ya nyuma. Hakupita. Alisimama kila kibanda akasalimia watu ambao hajawahi kuwasalimia, akasema, "Huyu ni Barasa wangu, alikuwa ametembea." Nyumbani Mama aliipokea nyungu, akainusa ndani, akaisuuza, akaijaza maji, ndipo akakaa chini akalia na kucheka pamoja. Mama Akinyi akauliza kutoka mlangoni kwake kama kesho kuna muziki. Akajibiwa kesho ni Jumatatu.

Siku hizi Barasa ana upara unaong'aa. Baba, ambaye amezeeka na amerudi Bungoma, humpapasa kichwa kila Desemba na kumwambia kwamba angejua nywele zitaondoka zenyewe, angesubiri tu. Wanacheka. Mimi huona jinsi mkono wake unavyokawia pale kichwani.

Na sisi je? Vijana wetu wana nyimbo zote za dunia mfukoni, na hawana subira ya kumaliza hata moja. Wakisikia utangulizi tu, wanaruka mwingine. Hawajawahi kuuma betri, na ukiwaonyesha kanda na kalamu wataomba maelekezo. Nyumbani kwangu tuko wanne, kila mtu na vyuma vyake masikioni, na hakuna ugomvi wowote wa muziki. Wageni husifu utulivu wetu. Lakini juzi nilikaa sebuleni nikagundua jambo lililoniuma. Baba yangu aligombana na mwanawe kwa sababu alimsikia, na akamrudisha kwa sababu alimsikia. Mwanangu Juma ana miaka kumi na saba, chumba chake na changu vinagusana, na mimi sijui anasikiliza nini.

Nikaenda nikabisha. "Toa hizo vitu masikioni," nikamwambia. "Weka kwa sauti, nisikie."

"Mathe, uko sawa?"

"Niko sawa. Weka."

Aliweka. Ulikuwa wimbo mbaya, nawaambieni ukweli, kijana mmoja akigombana na mashine. Nilikaa kitandani kwake mpaka ukaisha, nikamwambia ni mbaya. Akacheka, akasema sijaelewa, akasogea nipate nafasi ya kuegemea ukuta, akaniwekea tena tangu mwanzo.